Kadi ya michoro ya mtumba inayozima gemu: kusoma BIOS yake, kuihifadhi na kuirekebisha

Kadi inawaka, feni zinazunguka, Windows inafunguka na video zinacheza bila shida. Ukifungua gemu, dakika ya pili skrini inaingia giza, sauti inakwama kwenye mlio mmoja, kisha kompyuta inajizima na kujiwasha. Unaondoa draiva na kuweka nyingine, mambo ni yale yale. Jirani anakwambia kadi imeungua.

Huenda ni kweli. Lakini katika kadi za mtumba ninazoletewa hapa Nairobi, hasa RX 470, 480, 570 na 580 za AMD, kitu cha kwanza ninachokishuku ni BIOS ya kadi yenyewe. Hiyo ni programu ndogo iliyoandikwa ndani ya chipu yenye miguu minane. Ndiyo inayoiambia kadi iende kwa kasi gani, itumie umeme kiasi gani, na izungumze vipi na memori yake.

Sababu ya kuishuku ni historia ya kadi hizi. Nyingi zilitumika kuchimba Ethereum, sarafu ya kidijitali. Wachimbaji walibadilisha BIOS: wakapunguza kasi ya kiini (chipu kuu ya kadi) na volti ili kuokoa stima, wakaongeza kasi ya memori na kubana nyakati zake, kwa kuwa uchimbaji ule uliitegemea memori kuliko kitu kingine. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliachana na uchimbaji, na kadi zikamwagika sokoni duniani kote. Wauzaji wengi hawakujisumbua kurudisha BIOS ya kiwandani. Kwa hiyo unanunua kadi iliyopangiwa kazi nyingine.

Naomba jambo moja kabla hatujaanza: usiandike chochote ndani ya kadi kabla hujasoma kilichomo na kukihifadhi. Kadi nyingi ninazoletewa zikiwa zimezimika kabisa zilitoka kwa wachimbaji zikiwa hai. Zilikufa usiku mmoja mikononi mwa mnunuzi, kwa faili alilolipakua kwa sababu jina lake lilifanana na jina la kadi yake.

Kwanza ondoa umeme kwenye lawama

Kabla ya kugusa BIOS, angalia kadi inapata umeme wake wapi. Tundu la PCI Express kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75. Kiunganishi cha pini sita huongeza wati 75, na cha pini nane wati 150. RX 580 imepangiwa wati 185, hivyo haiwezi kuishi bila kiunganishi chake.

Shida inaanzia kwenye kompyuta za ofisini za ex-UK ambazo wengi wetu hapa mjini tunaanza nazo. Pawa saplai zake mara nyingi hazina waya wa kadi ya michoro kabisa. Fundi anachukua adapta inayotoka kwenye waya wa SATA na kuifanya ya pini nane. Waya wa SATA umepimwa kubeba takribani wati 54 tu kwenye volti 12. Ukiulazimisha kulisha RX 580, gemu litakatika kila mzigo unapopanda, na plastiki ya kiunganishi inaweza kuyeyuka. Nimeishika moja iliyoshikana na waya kama nta, mwenyewe akilia na draiva. Kama ndivyo ulivyounganisha, acha kusoma hapa na ubadilishe pawa saplai kwanza.

Safisha pia vumbi, na ukiweza ubadilishe pesti ya joto. Haichukui zaidi ya saa moja.

Dalili zinazosema BIOS

Dalili ya wazi kabisa ni kosa la Code 43 ndani ya Device Manager, ile orodha ya vifaa ya Windows, au draiva ya AMD kukataa kujiweka ingawa umepakua ile sahihi. Draiva ya AMD hukagua saini ya BIOS, na iliyochezewa haipiti. Wachimbaji walilijua hilo, ndiyo maana walitumia programu ya kuibandika draiva kiraka ili isikague. Kwenye kompyuta yako kiraka hicho hakipo.

Ya pili ni kasi zisizo za kawaida: kiini kiko chini sana kuliko cha kiwandani, na memori iko juu.

Ya tatu ni skrini kuwa nyeusi tangu unapobonyeza kitufe hadi Windows inapofunguka, ndipo picha inatokea. Hapa kuna njia mbili. Kama kadi ni ya zamani, huenda BIOS yake haina sehemu ya UEFI (mfumo mpya wa kuwasha kompyuta), na ubao mama wako umezima CSM, ile hali ya kukubali vifaa vya zamani. Washa CSM kwenye mipangilio ya ubao mama na ujaribu tena. Kama ni NVIDIA ya kizazi cha Maxwell au Pascal na umetumia waya wa DisplayPort, NVIDIA wenyewe walitoa kifaa rasmi cha kusasisha firmware (programu ya ndani) ya kadi hizo kwa ajili ya skrini za DisplayPort 1.3 na 1.4. Kabla ya kukipakua, chomeka HDMI. Picha ikitokea tangu mwanzo, umeshapata jibu.

Na feni kutozunguka ukiwa kwenye desktopu si ugonjwa. Kadi nyingi huziacha zimesimama hadi joto lipande.

Dukani, kabla M-Pesa haijatoka

Beba GPU-Z kwenye flashi, programu inayoonyesha kiini, memori na kasi za kadi. Ni faili moja dogo na halihitaji kuwekwa kwenye mashine. Nilimsindikiza kijana mmoja wa Roysambu kwenye kibanda kimoja karibu na Luthuli Avenue, akitaka GTX 1050 Ti ya NVIDIA.

"Mkubwa, hii ni safi, imetoka tu kwenye mashine," akasema muuzaji.

"Sawa boss wangu, tuwashie basi tuione," akajibu kijana.

"Nitawasha, lakini ukishawasha unanunua."

"Nikishaona jina lake nitakulipa hapa hapa."

Hakuwasha. Lakini hata bila kuwasha, kadi ilikuwa imeshajieleza: nyuma ilikuwa na tundu la VGA la buluu. Kizazi cha Pascal, ambacho 1050 Ti imo ndani yake, hakitoi mawimbi ya analogi, kwa hiyo tundu la VGA kwenye kadi yenye jina hilo ni sababu tosha ya kusita. Nyingi za namna hiyo ni GTS 450 au GTX 550 Ti zilizoflashiwa, yaani kuandikiwa, BIOS yenye jina jipya. 1050 Ti halisi ina kiini GP107 na shaders (vitengo vidogo vya kukokotoa ndani ya kiini) 768; zile za kughushi zina kiini cha familia ya GF106 au GF116 na shaders 192. GPU-Z inazitambua nyingi na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Kadi ya namna hii haiponi kwa kuflashi. Ukiirudishia BIOS yake ya kweli utabaki na GTS 450.

Kwa RX 580, hesabu shaders. Ya kawaida ina 2304. Iliyoandikwa 2048SP ina 2048, sawa na RX 570, na inapaswa kuuzwa kwa bei ya 570. Hiyo si ya kughushi, AMD waliitoa hivyo, lakini usikubali kuilipia kama ndugu yake mkubwa.

Kuandaa meza

Unahitaji njia ya kuona skrini hata kadi ikifa. Prosesa yenye michoro ya ndani inatosha: Intel nyingi zinayo, isipokuwa zile zenye herufi F mwishoni. Kwa Ryzen hadi mfululizo wa 5000, tafuta zenye G. Kama huna, azima kadi yoyote ya zamani kwa rafiki.

Unahitaji pia stima ya uhakika. Kuandika BIOS hakuchukui hata dakika moja, lakini dakika hiyo stima ikipotea unabaki na chipu iliyoandikwa nusu. Wanaoishi mitaa ambayo taa hupepesa kila mvua inaponyesha wanajua ninachosema. UPS ndogo ya ofisi inatosha. Kama huna, subiri siku tulivu, na usiflashi mawingu yakiwa mazito.

Soma, hifadhi, soma tena

Kabla ya yote, itazame kadi kwenye ukingo wake wa juu. Kadi kadhaa zina swichi ndogo kama punje ya mchele inayochagua kati ya BIOS mbili. Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, sogeza swichi upande wa pili, washa. Wachimbaji wengi waliandika upande mmoja tu, na ule wa kiwandani ukabaki kama ulivyozaliwa. Nimewahi kumaliza kazi nzima kwa ukucha wa kidole gumba.

Kama haina swichi, au pande zote mbili zimechezewa, fungua GPU-Z, bonyeza mshale mdogo ulio kando ya BIOS Version, uhifadhi faili. Kisha hifadhi mara ya pili kwa njia nyingine. Kwa AMD, fungua dirisha la amri kama msimamizi, utumie programu ya amdvbflash:

amdvbflash -i
amdvbflash -s 0 asili.rom

Amri ya kwanza inaorodhesha kadi na namba zake. 0 ni kadi ya kwanza. Kwa NVIDIA:

nvflash64 --save asili.rom

Kwa RX 580 tarajia faili la baiti 262,144 au 524,288. Likiwa la ukubwa wa ajabu, usomaji haukufaulu. Lifungue kwa programu ya kuonyesha heksadesimali: faili zima la AMD huanza na 55 AA. Ukiona FF tupu kuanzia juu hadi chini, hujahifadhi chochote. Lililo sawa litume kwenye barua pepe yako, usiliache kwenye mashine hiyo hiyo unayoifanyia kazi.

Memori ndiyo inayoamua

Hapa ndipo ninapoomba utulie, maana hapa ndipo kadi zinapokufa.

Kiwanda kilichotengeneza RX 580 hakikutumia memori ya kampuni moja. Kadi mbili zenye jina moja, boksi moja na feni zinazofanana zinaweza kuwa moja ina chipu za Samsung, nyingine Hynix, Micron au Elpida. Kila kampuni ina nyakati zake: chipu ingoje mizunguko mingapi kabla ya kujibu, kabla ya kufungua safu nyingine, kabla ya kujihuisha. Nyakati hizo zimeandikwa ndani ya BIOS, jedwali kwa kila aina ya memori na kila kiwango cha kasi. Kadi inapowaka inaitambua memori yake, kisha inalitafuta jedwali lake. Isipolipata, unapata skrini nyeusi, au picha iliyojaa viraka vya rangi kama kitenge.

Yule kijana wa Roysambu aliiacha 1050 Ti, akanunua RX 580 ya 8GB kwingine, akaja nayo wiki iliyofuata. GPU-Z ilionyesha kiini MHz 1150 na memori MHz 2150. Memori ya RX 580 ya kawaida huenda MHz 2000, na kiini chake hupita 1300. Mchimbaji tupu. Lakini kijana alikuwa ameshajaribu kuitibu mwenyewe: alipakua faili la kampuni ile ile, modeli ile ile, na sasa vile viraka vya kitenge vilitokea hata kabla ya gemu. Nilipoangalia, memori yake ilikuwa Micron. Faili lile lilikuwa na majedwali ya Samsung na Hynix pekee.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi, kwa kalamu: kampuni iliyotengeneza kadi, modeli kamili kutoka kwenye stika ya mgongoni, ukubwa wa memori, na kampuni ya memori kama GPU-Z inavyoionyesha kwenye Memory Type. Kisha nenda kwenye mkusanyiko wa BIOS wa TechPowerUp. Chuja kwa kampuni, modeli na ukubwa wa memori. Fungua ukurasa wa kila faili na usome Memory Support. Chipu yako lazima iwemo. K4G80325FB ni Samsung, H5GC8H24AJR ni Hynix, MT51J256M32 ni Micron. Pia lihakikishe faili limeandikwa kasi za kiwandani, maana humo mna mafaili yaliyopakiwa na wachimbaji wenyewe.

Kwa NVIDIA kazi ni nyepesi zaidi. Kuanzia Pascal mwaka 2016, kadi hukagua saini ya BIOS yake, hivyo kuihariri si kazi ya kila mchimbaji. Wengi walibadilisha kasi kwa programu tu, na kasi hizo hazisafiri na kadi. NVIDIA ya mtumba ikikatika, mimi huanza na umeme, joto na memori.

Kuandika

Funga kila programu, zima antivirusi, zuia Windows isijisasishe. Kwa AMD:

amdvbflash -p 0 mpya.rom

Ikikataa na kusema namba za kadi hazilingani na za faili, usikimbilie kuongeza -f ili kulazimisha. Onyo hilo linakwambia umechukua faili la kadi nyingine. Rudi kwenye karatasi yako. Mimi hutumia -f pale tu BIOS iliyomo ndani ndiyo yenye namba za uongo, na stika inathibitisha faili langu.

Kwa NVIDIA, baada ya kuizima kadi kwa muda ndani ya Device Manager:

nvflash64 --protectoff
nvflash64 mpya.rom

Ikimaliza, zima kompyuta kabisa, usiiwashe upya tu. Chomoa waya, subiri nusu dakika, washa. Ingia Safe Mode, safisha draiva za zamani kwa DDU, programu ya kuziondoa kabisa, kisha weka draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji.

Kadi ikifa

Chomeka waya wa skrini kwenye ubao mama na uwashe kwa michoro ya ndani, kadi ikiwa bado imo. Mara nyingi amdvbflash -i itaiona ingawa haitoi picha, na unaweza kuirudishia asili.rom kwa amri ile ile ya -p.

Ikiwa kompyuta haiwaki kabisa kadi ikiwemo, baadhi ya mafundi huunganisha mguu wa 1 na wa 8 wa chipu ya BIOS kwa koleo dogo wakati wa kuwasha, ili chipu isichaguliwe na kompyuta iendelee bila kuisoma. Inafanya kazi. Lakini miguu hiyo iko milimita chache kutoka kwa mingine, na ukiteleza ukaunganisha wa 8 na wa 4 umefunga umeme na ardhi moja kwa moja. Sikushauri kama mkono unatetemeka.

Mimi hupendelea CH341A, kile kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu, pamoja na klipu ya miguu minane. Toa kadi kwenye kompyuta, iweke juu ya kitambaa cha pamba mezani. Tafuta chipu ndogo yenye namba inayoanza na 25 au yenye 25 katikati. Kwenye kona moja pana kitone kilichozama: huo ni mguu wa 1, na waya mwekundu wa klipu unakaa hapo. Soma namba ya chipu kwa taa ya simu na utafute volti yake kabla ya kuchomeka. Chipu za volti 3.3 na za volti 1.8 zinafanana kwa macho, na za 1.8 zinahitaji adapta yake. Bodi nyingi nyeusi za CH341A hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data. Ipime yako kwa multimita kwanza. Kwenye Linux:

flashrom -p ch341a_spi -r moja.rom
flashrom -p ch341a_spi -r mbili.rom

Yalinganishe mafaili hayo mawili. Yakitofautiana hata kwa baiti moja, klipu haijakaa. Itoe, ifute miguu kwa spiriti, urudie. Yakilingana, ndipo uandike kwa -w. Faili lazima liwe na ukubwa sawasawa na chipu. Kama chipu ni ya 512KB na faili ni la 256KB, jazia sehemu iliyobaki kwa FF.

Kupima

Usiseme kadi imepona kwa sababu Windows imefunguka. Endesha jaribio la memori ya kadi ndani ya OCCT, programu ya kupima kompyuta kwa mzigo, kwa nusu saa, huku HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya kadi, ikiwa wazi kando. Kwa kadi nyingi za AMD, HWiNFO inaonyesha mstari wa makosa ya memori. Namba hiyo inapaswa kubaki sifuri. Kisha cheza gemu lile lile lililokuwa likizima, kwa muda ule unaocheza kawaida.

Makosa yakiendelea hata kwa BIOS sahihi, shusha kasi ya memori kwa MHz 100 ndani ya programu ya AMD na upime tena. Yakiisha, una chipu ya memori iliyochoka. Unaweza kuishi nayo hivyo ukijua. Yasipoisha, kazi imehama kutoka kwenye BIOS kwenda kwa fundi wa kung'oa na kubandika chipu, na gharama yake mara nyingi inakaribia bei ya kadi nyingine.

Ya yule kijana ilipata faili lenye jedwali la Micron, la modeli yake hasa. Kitenge kikatoweka mara moja. OCCT ikatoa makosa matatu kwa memori ya MHz 2000, na sifuri kwa 1900. Tukaiacha hapo. Nilibandika kipande cha masking tepu mgongoni mwa kadi, nikaandika kwa kalamu ya wino: Micron, toleo la BIOS, memori 1900, na tarehe, ili atakayeinunua kwake asianze upya.